Aliyemalizia Soksi za Mtoto

Soksi ilikuwa imerefuka.

Mama Kijacho aliitandaza juu ya goti akaitazama vizuri. Alikumbuka kabisa alipoishia kabla ya kujinyoosha kitandani mchana ule. Alikuwa amefika kwenye kisigino, pale uzi wa kijani unapokutana na uzi wa rangi ya maziwa, na kisigino ndicho kilichomshinda. Sasa kisigino kilikuwa kimekwisha, kimepinda vizuri kama cha dukani, na safu zilikuwa zimeendelea kuelekea vidoleni. Vitanzi vilikuwa vidogo, vimekaza, vimelingana. Vyake yeye vilikuwa vikilegea kama meno ya kizee.

Akatabasamu peke yake. Alijua ni nani.

Jina la Mama Kijacho alipewa na majirani tumbo lilipoanza kuonekana, naye alilipenda, kwa sababu mimba ya kwanza ilitoka kabla hajaitwa chochote. Hii ya pili aliilinda kama yai. Mumewe alikuwa dereva wa lori la safari za mbali, leo yuko huku, kesho anapiga simu kutoka kule. Nyumbani alibaki yeye, wifi yake msusi, na mama mkwe.

Mama mkwe mtaa mzima ulimwita Bi Wembe, na si kwa sababu nyingine ila ulimi. Zamani alikuwa fundi wa masweta ya shule. Chumba cha uani kilikuwa karakana yake, na wanawake kadhaa walijifunza kufuma humo huku wakilia. Siku hizi vidole vyake vilikuwa vimevimba viungo na kupinda, hata kitufe cha blauzi alifungiwa na bintiye. Lakini ulimi haukupata ugonjwa wowote.

"Wewe unafuma au unafunga mbuzi?" alimwambia mkwewe siku ya kwanza alipomkabidhi sindano. "Hiyo mikono ulizaliwa nayo au umeiazima?"

Na kila mara Mama Kijacho alipoinuka, hata kwa kwenda chooni, sauti ilimfuata. "Kizibo! Weka kizibo, mjinga wewe!"

Vilikuwa vizibo vya chupa, vimekatwa nusu. Fundi akiacha kazi sindanoni huchomeka kizibo kwenye ncha ili vitanzi visichomoke. Mama Kijacho aliona ni jambo la maana, lakini kwa nini kumfokea mtu hivyo kwa ajili ya kizibo? Basi mara nyingine alivichomeka, na mara nyingine, usingizi wa mimba ukimzidi, aliviacha mezani.

Hakumchukia Bi Wembe. Yeye alilelewa na shangazi mwenye watoto wengi, na alijifunza mapema kuona wema hata ukiwa mdogo kama punje. Aliona kwamba mama mkwe alikuwa amehamisha kitanda chake mwenyewe ili mkwewe alale upande usiopigwa na jua. Aliona kwamba maji ya kuoga yalikuwa yakipashwa moto kila alfajiri na hakuna aliyekiri kuyapasha. Kwa hiyo alipoona soksi imemaliziwa, moyo wake ulijaa. Mama mkwe, na vidole vile vinavyouma, anaingia kimyakimya mchana watu wakiwa wamelala, anamsaidia, kisha kinywani anaendelea kumtukana ili asionekane.

Siku zilizofuata alianza kuacha kazi wazi kwa makusudi. Aliiweka kwenye kiti cha karakana, akaegesha mlango, akaenda kulala.

Kila alipoamka, kazi ilikuwa imeendelea.

Wifi ndiye wa kwanza kucheka. Alikuja kula chakula cha mchana akiwa na kitana bado kimechomekwa nyweleni, akaiokota soksi ya pili iliyokuwa imekamilika, akaining'iniza mbele ya uso wake.

"Wifi! Hii ni ya mtoto au ya twiga?"

"Acha utani wako, wifi."

"Utani gani? Tazama basi. Kisigino hapa, vidole kule Jumatano ijayo. Kaka yangu ana miguu mifupi, mtoto atatoa wapi miguu ya kuijaza hii?"

Walicheka wote wawili mpaka Mama Kijacho akashika tumbo. Kweli soksi zilikuwa ndefu na nyembamba mno. Sweta nalo, mikono ilikuwa imefumwa ikapita kiuno. Alidhani ni macho ya mama mkwe yanayopungua, na hakuthubutu kumsahihisha mtu anayemfanyia hisani.

Kilichomsumbua kidogo ni sungura. Alikuwa akimfuma kwa krosheti, mwanasesere wa mtoto, akamwacha hana uso wala miguu ya mbele. Alipoamka sungura alikuwa amekamilika. Hakuwa na macho, lakini mwisho wa kila mguu wa mbele palikuwa na vidole, virefu, vimetenganishwa kimoja kimoja, na kila kimoja kina viungo vyake. Chumba kilinuka maziwa yaliyochacha na nywele zilizounguzwa. Alidhani harufu ya nywele inatoka kwenye nguo za wifi yake.

Mchana mmoja hakupata usingizi. Jua lilikuwa limesimama juu ya bati, mtaa mzima umenyamaza, hata kuku walikuwa wamelala vumbini. Akasikia sindano. Ti-ti, ti-ti, ti-ti, haraka na kwa utulivu, kama mvua ndogo juu ya karatasi, na chini yake sauti ya mwanamke akibembeleza bila maneno, mbembelezo laini ambao Mama Kijacho hakukumbuka kama aliwahi kubembelezwa nao na mtu yeyote.

Akaenda taratibu hadi mlango wa karakana. Hakuusukuma, asije akamwaibisha. Akaweka kiganja juu ya ubao.

"Asante, mama," alisema.

Sindano zikanyamaza. Mbembelezo ukanyamaza. Kisha, karibu sana, kana kwamba mdomo ulikuwa umegusa ubao upande wa pili, sauti ikajibu kwa upole, "Nimepokea."

Alirudi kitandani akilia kwa furaha. Alikuwa bado hajafuta machozi aliposikia lango la mbele likilia kwenye bawaba zake.

"Jua hili litaniua kabla ya wauguzi!" ilikuwa sauti ya Bi Wembe kutoka barabarani. "Toka asubuhi nimekaa benchi nikingojea dawa ya vidole. Wewe, uko wapi? Nipe maji."

Mama Kijacho aliketi kitandani.

"Mama, wewe ulikuwa hospitali?"

"Nilikuwa harusini. Huoni nilivyopendeza?"

"Na jana mchana?"

"Jana, juzi, wiki nzima. Una nini wewe? Mbona uso umekuwa kama unga?"

Akamwonyesha soksi. Bi Wembe aliipokea kwa viganja, maana vidole havikukunjika, na hapohapo akaiachia ianguke sakafuni. Mkwewe hakuwahi kumwona akiogopa, na mwanzoni hakuelewa kwamba kile alichokiona usoni mwake kilikuwa woga.

"Nani kafuma hii?"

"Si wewe, mama?"

"Mimi? Kwa vidole hivi?" Akashusha sauti. "Vizibo viko wapi?"

Mama Kijacho aligeuza macho kuelekea karakana.

"Nilikwambia. Kila siku nilikwambia."

"Nilidhani ni ili vitanzi visichomoke."

"Ungekuwa huna mimba ningekwambia mengine!" alifoka kwa kunong'ona. "Sikutaka kukutia hofu tumboni. Kuna mwenzetu alifumia humu humu, hakutaka kusikia. Mimi nilidhani nikikufokea inatosha." Akamshika bega. "Niambie kweli. Hukumshukuru? Sema hukumshukuru."

Alipoona mkwewe anaanza kulia, Bi Wembe alikaa chini sakafuni, pale pale, bila kutafuta kiti.

Tangu saa ile mtoto alianza kucheza kwa namna nyingine. Zamani alirusha vijiteke vifupi. Sasa alijinyoosha. Kitu kirefu kilipita chini ya mbavu polepole, kikaenda mpaka upande wa pili, kikabaki kimesukuma ngozi kwa nje. Kliniki, mkunga alipapasa tumbo, akapapasa tena. Kisha akacheka cheko la kumtoa mtu wasiwasi.

"Huyu wako ana miguu mirefu kweli. Baba yake ni mrefu?"

"Hapana," alisema Mama Kijacho.

Wifi ndiye aliyemleta mganga. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kikohozi, alikuja kwa pikipiki akiwa na mkoba kama wa mwalimu. Walipomkaribisha chai hakusema neno ambalo kila mgeni husema. Alisema tu, "Chai nimeiona," akanywa. Alivitazama vile vitu mezani, soksi, sweta, sungura, bila kugusa hata kimoja.

"Huyu ni jini jike," alisema kwa sauti ndogo. "Hana ugomvi na mtu. Anatafuta kazi iliyoachwa wazi. Anaingia saa ya jua kali, anafuma, anangoja ashukuriwe. Ukimshukuru, umempokea. Na akishapokelewa, mwenye nguo anakuwa wake."

"Lakini hizi nguo hazimfai mtoto," alisema wifi. "Hata kipofu anaona."

Mganga akamtazama Mama Kijacho kwa huruma, na hakutaka kusema, lakini akasema. "Hafumi nguo imfae mtoto. Mtoto ndiye atakayeifaa nguo."

Hakuna aliyenyanyua kikombe tena.

"Afanye nini?" aliuliza Bi Wembe.

"Azifumue. Zote, kwa mkono wake mwenyewe aliyeshukuru, saa ileile ya jua, humo chumbani. Uzi ukiisha, na jini naye ameisha."

"Na usipoisha?"

Mganga alikohoa kwa muda mrefu. "Sikudanganyi, mama. Usipoisha, labda atokee mwingine aishike ile kazi, aseme ni yake, ashukuru kwa mdomo wake. Deni litamhamia yeye. Lakini hilo simshauri mtu."

Kesho yake mchana wakaingia karakana wote wanne. Mganga alikaa mlangoni akisoma kwa midomo tu. Mama Kijacho alikaa kwenye kigoda, akakata fundo la soksi ya kwanza, akavuta. Uzi ulianza kufumuka kirahisi, vitanzi vikiachiana kimoja baada ya kingine, na wifi akaukunja kuwa bonge. Sweta likaisha. Sungura akaisha, vidole vyake vikitoka mwishoni. Moyo wa Mama Kijacho ulianza kupata nafuu, akafika mpaka kuvuta pumzi nzima.

Ikabaki soksi moja.

Akavuta, na uzi ukaja, akavuta tena, na ukaja, lakini soksi haikupungua, na alipoitazama aliona kwamba kila safu aliyoifumua upande wa kisigino ilikuwa ikizaliwa upya upande wa vidole, ti-ti, ti-ti, bila sindano yoyote kuonekana, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikajaa chumbani mpaka wifi akajiziba pua kwa mkono wenye uzi, na bonge la uzi likaanza kujikunjua lenyewe mapajani mwake na kukimbia sakafuni kurudi kwenye soksi, nayo ikarefuka, ikapita goti la Mama Kijacho, ikagusa sakafu, na ndani ya tumbo lake kitu kikajinyoosha kikijipima, urefu kwa urefu, mpaka akapiga ukelele ambao hakujua kama ni wake, na juu ya ukelele ule, kwa upole wote wa dunia, mbembelezo ukaanza.

"Mwache alie," ilisema ile sauti kutoka kwenye kiti kilichokuwa kitupu. "Anakuja wangu. Nguo zake ziko tayari."

Mganga alikuwa amesimama. Midomo yake haikusoma tena. Wifi alikuwa akisema "mama, mama, mama" kama mtoto mdogo.

Bi Wembe akamnyang'anya mkwewe soksi.

"Hebu lete hapa," alisema. Kisha akageukia kile kiti kitupu, mikono kiunoni, soksi ikining'inia. "Na wewe usiye na sura, unajiita fundi? Kisigino umekipindisha kama mdomo wa mlevi! Mimi ningekuwa nakufundisha ungeshika sindano mwaka wa tatu, mwaka wa kwanza na wa pili unafagia!"

Hata katika hali ile, Mama Kijacho alisikia wifi yake akicheka na kulia kwa pamoja.

Bi Wembe akaokota sindano. Vidole havikutaka kukunjika. Akavikunja kimoja kimoja kwa kuvibana ukingoni mwa meza, na vililia kama kuni kavu. Akachomeka ncha kwenye vitanzi vya mwisho.

"Mama, usifanye hivyo," alisema Mama Kijacho. "Mama, nakuomba."

"Nyamaza. Mtu unamtunzia mimba miezi yote hii, unampashia maji, halafu anakupangia." Akamwangalia, na macho yake yalikuwa yaleyale makali. "Na usithubutu kunishukuru. Si leo, si kesho. Neno hilo ukilisema mbele yangu, hutajua ni nani atalipokea. Umesikia, mjinga?"

"Nimesikia."

"Haya." Akafunga kitanzi cha mwisho. "Kazi hii ni yangu. Sindano niliziacha wazi mimi. Asante, mwenzangu. Umenisaidia."

Hakuna kilichovunjika, hakuna upepo uliovuma. Harufu tu ilikatika, kama mtu amefunga mlango. Tumboni mtoto alijikunja akatulia, akarusha kijiteke kimoja kifupi. Bi Wembe alibaki amesimama na soksi mkononi. Kisha akakaa taratibu kwenye kile kiti, akajipanga mgongo, na vidole vyake vikanyooka.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, miguu mifupi kama ya baba yake. Walimvisha nguo za kununuliwa. Baba yake alipiga simu kutoka safarini akacheka mpaka sauti ikakwama, na alipouliza habari za mama, wifi alijibu, "Mama yupo," akakata simu.

Majirani waliokuja kumwona mtoto waliondoka wakimsifu mama mkwe. Bi Wembe sasa amekuwa asali, walisema. Anamwita kila mtu mwanangu. Vidole vimepona, ni muujiza, hebu mtazame anavyofuma. Wewe mwanamke una bahati, na mbona umekaa hivyo kama mfiwa?

Mama Kijacho aliwamiminia chai. Alikuwa akingoja kutukanwa. Aliunguza uji makusudi. Aliacha nguo mbichi uani mvua ikanyesha. Aliacha mlango wa kuku wazi. Na kila mara Bi Wembe aliinua uso kutoka kwenye kazi yake, akatabasamu kwa meno yote, akasema, "Haidhuru, mwanangu. Umechoka. Nipe nikushikie mtoto."

Hakumpa hata siku moja. Usiku alilia ndani ya kanga ili asisikike. Ni yeye aliyekuwa akiokota wema wa watu punje kwa punje, na sasa umemwagwa ndani ya nyumba nzima, na hakuna hata punje moja iliyokuwa ya mama yake mkwe.

Mchana mmoja alipita mbele ya kile kiti akiwa amembeba mtoto mgongoni, akaangusha bakuli la maji kwenye mabonge ya uzi. Safari hii hakukusudia.

"Huna macho?" ilisema sauti kavu.

Akageuka. Uso wa Bi Wembe ulikuwa umejaa jasho. Mikono ilikuwa ikiendelea kufuma yenyewe, lakini macho, yale makali, yalikuwa yamefunguka na yanamtafuta kama mtu aliye chini ya maji.

"Mama?"

"Mjinga wewe, bado mko humu? Unadhani namfumia nani?" Alikuwa akihema. "Mtoe mtoto. Sasa hivi. Siwezi kumzuia huyu siku zote."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nini? Mimi niko kazini. Ondoka, sura kama…"

Tusi halikuisha. Mdomo ulibaki wazi likiwa nusu ndani yake, kisha ukajifunga, ukatabasamu.

Mama Kijacho hakukusanya kitu. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kitana chake, amesikia yote. Alimfunga mtoto vizuri mgongoni mwa Mama Kijacho, akakaza fundo la kanga mara mbili.

"Nenda. Kaka nitampigia mimi."

"Twende wote."

"Nani atamlisha mama?" alisema wifi. "Yeye bado yumo, wifi. Umemsikia. Nenda."

Uani jua lilikuwa limesimama. Alipita karibu na dirisha la karakana, na hakukuwa na njia nyingine ya kufikia lango. Ndani alikuwapo mwanamke aliyevunja vidole vyake kwa ajili ya mtoto huyu, na neno moja tu ndilo alilostahili kuambiwa. Lilikuwa limejaa kinywani kama maji. Akauma ulimi mpaka akaonja damu.

"Mwanangu," iliita sauti dirishani, tamu, imejaa huruma. "Mfunike mtoto kichwa. Jua kali hili litamuumiza."

Jua lilikuwa kali kweli, na kichwa cha mtoto kilikuwa wazi. Mama Kijacho alifungua lango akatoka, akaenda nalo jua hilo barabara nzima, na hakumfunika, asije akapokea hata hilo.